Semina zimejaa watu, ndama bado wanakufa kwa ndigana

*Swali: Mimi ni afisa mifugo wa kata yenye vijiji vinne mkoani Morogoro. Nimeshafanya semina za udhibiti wa kupe katika vijiji vyote. Watu wanajaa, wanasaini mahudhurio, wanachukua vipeperushi. Lakini ndama bado wanakufa kwa ndigana kali, hasa chotara wa maziwa. Nikiuliza, naambiwa dawa za siku hizi ni feki: unaogesha leo, kesho kupe wapo palepale. Wengine wanachoma OTC (oksitetrasaiklini, antibiotiki ya sindano) wenyewe, wananiita ndama akiwa hoi. Mafuta ya pikipiki yenyewe ni ya kuungaunga. Je, niombe halmashauri ilete mtaalamu mkubwa zaidi na vipeperushi zaidi, au kuna namna nyingine ya kuwafundisha hawa watu?*

Ndugu yangu, barua ya kuomba vipeperushi iweke kando kwanza. Shida uliyoieleza ni kwamba umefundisha na mwenendo haukubadilika, na unaanza kuhisi wafugaji wako ni wabishi. Ukiyasoma tena maneno yao utaona kuna mambo matatu: kupe wapo kesho yake, OTC wanaiamini, na wewe unaitwa mwishoni. Yote matatu yana msingi katika mambo waliyoyaona kwa macho yao. Semina inayopita juu ya hayo bila kuyajibu haibadilishi mtu, hata akija profesa kuiendesha.

Anza na la kupe, kwa sababu hapo ndipo imani katika dawa inapofia. Mfugaji anayesema ameona kupe siku ya pili hadanganyi. Swali la kumuuliza ni kupe gani. Kupe wa masikio wa rangi ya kahawia, anayeeneza ndigana kali, hubadilisha mnyama mara tatu maishani: akiwa lava, akiwa tunutu na akiwa mkubwa. Kila akishiba huanguka, hujivua gamba kwenye majani na kumsubiri mnyama mwingine. Kwa hiyo hata ukiua kupe wote walioko juu ya ng'ombe leo, malisho yamejaa wengine, na jioni watapanda wapya. Hao wapya ni bapa na wadogo. Jike aliyevimba na kuwa wa kijivu ni habari nyingine kabisa: amenyonya kwa siku kadhaa, maana yake alikuwepo wakati wa kuogesha na akanusurika.

Hapo una somo zima la kwanza, na halihitaji ukumbi. Chagueni ng'ombe watano au sita. Siku ya kuogesha, hesabuni kupe kwenye sikio moja na chini ya mkia, mkiwatenga waliovimba na walio bapa. Rudieni hesabu baada ya siku mbili hadi tatu, kisha siku moja kabla ya kuogesha tena. Msihesabu asubuhi ya kesho yake, maana kupe hafi papo hapo. Baadhi ya majike huchukua hata siku mbili au tatu kufa au kujiachia. Baada ya siku tatu, wakionekana walio bapa tu, dawa imefanya kazi na malisho yenu yana kupe wengi. Wakionekana waliovimba, kuna kasoro, na kikao kijacho mtaitafuta. Mfugaji aliyehesabu mwenyewe hatasema "feki" kabla ya kuangalia.

Kasoro yenyewe, mara nyingi, iko kwenye bomba. Waambie wafugaji watatu waje na mabomba yao ya mgongoni na vipimo wanavyotumia nyumbani, wachanganye kama kawaida yao, ila kwa maji matupu. Wewe uwe na bomba la sindano la mililita 20. Pima kila kofia ya chupa inabeba kiasi gani. Utakuta kofia moja ni karibu mara mbili ya nyingine, na wote wanaiita "kofia moja". Amitrazi ya asilimia 12.5 kwa kawaida huchanganywa mililita 2 kwa lita moja ya maji, yaani mililita 32 kwa bomba la lita 16 na mililita 40 kwa bomba la lita 20. Dawa za jamii ya pairethroidi zina vipimo vyake, mara nyingi vidogo zaidi, kwa hiyo mtu aliyehama dawa bila kubadilisha kipimo amekosea upande mmoja au mwingine. Lebo ya chupa husika ndiyo ya kufuatwa. Kama maandishi ni madogo na ya Kiingereza, wasomee kwa sauti na uandike kipimo kwa kalamu ya wino usiofutika kwenye chupa yenyewe.

Baada ya kupima dawa, pimeni maji. Ng'ombe mkubwa anayeogeshwa kwa bomba la mgongoni anahitaji lita 4 hadi 5 ili alowe mpaka kwenye ngozi. Mwenye ng'ombe kumi, kwa hiyo, anahitaji mabomba mawili ya lita 20 au zaidi. Wengi hutumia moja. Mgongo na mbavu zinalowa, zinang'aa, mtu anaridhika. Mwagieni ng'ombe mmoja maji matupu kwa mtindo huo wa nyumbani, kisha mpe mama mmoja kitambaa cheupe kikavu apangusie ndani ya sikio, kwapani, chini ya mkia na katikati ya miguu ya nyuma karibu na kiwele. Kitambaa kikitoka kikavu, hakuna haja ya hotuba. Kupe wa ndigana kali anapenda sikio kuliko mahali pengine popote, na sikio ndilo linalosahauliwa, kwa sababu ng'ombe hutikisa kichwa na aliyeshika bomba anaogopa pembe.

Angalia pia aliyeshika bomba ni nani. Katika semina anakuja mwenye mifugo, aliyevaa vizuri, na ndiye anayesaini. Anayeogesha ni kijana wa kuchunga au mwanaye, na saa nne asubuhi yuko malishoni. Kwenye ng'ombe wa ndani, anayemgusa ndama asubuhi na jioni ni mama anayekamua. Ukifundisha asiyefanya kazi, umefundisha mtu wa kusimulia. Panga kikao alfajiri baada ya kukamua, au jioni mifugo inaporudi, na kifanyike zizini. Kwa Wamaasai, zungumza kwanza na wazee ili vijana waruhusiwe kubaki. Na usisahau kwamba wazee hao wanaijua oltikana, yaani ndigana kali kwa Kimaasai, tangu utotoni na wengi wao hupapasa matezi ya ndama vizuri kuliko mhitimu wa diploma. Waombe waoneshe wao.

Sasa linakuja jambo gumu zaidi kulieleza, ambalo lazima lielezwe: kwa nini mtu anayeogesha kila wiki bila kukosa bado anapoteza ndama. Kupe akipanda hampi ng'ombe vimelea siku hiyohiyo. Vimelea vya ndigana vilivyomo kwenye tezi zake za mate hukomaa baada ya yeye kuanza kunyonya, na huchukua takriban siku tatu hadi nne kabla ya kuingia kwa mnyama. Dawa nyingi, kwa upande wake, hulinda ngozi kwa siku chache tu. Ukiogesha Jumatatu na nguvu ya dawa ikaisha Jumatano, kupe aliyepanda Alhamisi asubuhi atakuwa na siku nne Jumatatu inayofuata. Utamuua, lakini ameshatoa mzigo. Chora mstari wa siku saba ardhini kwa kijiti, weka kokoto moja kwa siku ya dawa na nyingine kwa siku ya kupe, uwaache wahesabu wenyewe. Ndiyo maana msimu wa mvua, kupe wakubwa wanapokuwa wengi, ndama chotara anahitaji kupitiwa masikio katikati ya wiki pia, kwa dawa inayoruhusiwa kupakwa au kunyunyizwa hapo. Kazi hiyo kwa ndama wawili ni ya dakika chache.

Usitoe ujumbe mmoja kwa wote, hata hivyo. Ndama wa asili anayezaliwa penye kupe hukutana na ugonjwa mapema, wengi hupona na kubaki na kinga. Kundi la asili likiogeshwa kwa ukali kwa miaka kadhaa, kisha josho likafungwa ghafla kwa kukosa dawa au maji, ng'ombe wakubwa wasio na kinga hufa kwa wingi. Mwenye zebu (ng'ombe wa asili) sitini anahitaji uthabiti zaidi kuliko ukali. Mwenye chotara watatu hana nafasi hiyo ya kusubiri; mnyama wake mmoja ni ada ya shule. Watenge wafugaji hawa katika vikundi viwili, la sivyo kila kikao nusu ya watu watakuwa wanasikiliza mambo yasiyowahusu.

Kuhusu OTC, usimbeze anayeichoma. Oksitetrasaiklini hutibu ndigana baridi, hutibu maji moyo ikiwahi, na hutibu vichomi vingi. Mfugaji ameona ng'ombe akiinuka baada ya sindano hiyo, na jina ni lilelile "ndigana". Lakini ndigana baridi na ndigana kali ni magonjwa mawili yenye vimelea tofauti, na ndigana kali ikishaonyesha dalili, OTC peke yake haiiponyi. Siku mbili za kusubiri ifanye kazi ndizo siku ambazo ndama angeweza kuokolewa. Dawa yake ni buparvakwoni, miligramu 2.5 kwa kila kilo ya uzito. Kwa dawa yenye miligramu 50 kwa mililita hiyo ni mililita 1 kwa kilo 20, kwa hiyo ndama wa kilo 60 hupata mililita 3, ndani ya msuli wa shingo. Homa isiposhuka, hurudiwa baada ya saa 48 hadi 72. Ni ghali, na mtu akikadiria uzito kwa jicho ili apunguze gharama anapoteza dawa na ndama. Sindano hii ibaki kwako au kwa mtaalamu mwingine aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari. Kazi ya mfugaji ni kukuita siku ya kwanza, na hiyo ndiyo stadi ya kumfundisha.

Siku ya kwanza inaonekana hivi: tezi iliyo chini ya sikio imevimba, mara nyingi upande ule wenye kupe, na joto limepanda huku ndama bado anakula. Kawaida hutokea wiki moja hadi mbili na nusu baada ya kupe kunyonya. Kila mshiriki apapase matezi ya ndama wazima wasiopungua watatu kabla ya kupapasa la mgonjwa, kwa sababu bila vidole kujua tezi ya kawaida hakuna atakayeitambua iliyovimba. Aanze chini ya sikio, ashuke mbele ya bega, amalizie juu ya goti la nyuma, pande zote mbili. Kipimajoto cha kawaida kinatosha. Ncha iguse ukuta wa njia ya haja kubwa, isichomwe katikati ya kinyesi, ikae dakika mbili kama ni cha zebaki au mpaka kilie kama ni cha betri. Joto la ndama mzima ni nyuzi 38.5 hadi 39.5, asubuhi, kivulini. Likifika 40 na tezi imevimba, simu ipigwe saa hiyohiyo, isingojewe jioni. Akishaanza kuhema kwa shida na kutoa povu puani, mapafu yamejaa maji. Dawa itaua vimelea lakini mara nyingi ndama hamalizi siku. Sema hivyo waziwazi unapoitwa kwa mgonjwa wa namna hii, kabla ya kuchoma. Ukichoma kimya na akafa, kijiji kizima kitajua kuwa sindano yako haifai.

Vipimajoto viwili au vitatu kwa kikundi, vikikaa kwa watu wanaofikika usiku, vitakuokolea mafuta kuliko unavyodhani. Badala ya kupanda pikipiki kwa kila ndama aliyelala, unauliza kwenye simu: nyuzi ngapi, tezi ipi, anakula? Nusu ya safari zinakufa hapo.

Chanjo ya ndigana kali ipo, na kaskazini mwa nchi wafugaji wa Kimaasai waliipokea kwa wingi. Ieleze bila kuipamba. Ilitokana na kazi ya Muguga, Kenya. Ndama hupewa vimelea hai pamoja na OTC ya muda mrefu kwa siku ileile, anaugua kidogo au haonyeshi chochote, kisha anapata kinga ya muda mrefu, mara nyingi ya maisha. (Wengine ndipo walipopata wazo kwamba OTC ni dawa ya ndigana kali. Inazuia inapoingia pamoja na vimelea. Dalili zikishatoka muda wake umepita.) Hukaa kwenye naitrojeni ya kimiminika, huja kwa mrija wenye dozi nyingi, kwa kawaida 40, na ikishayeyushwa lazima itumike ndani ya saa chache. Kwa hiyo mfugaji mmoja mmoja haiwezi. Kikundi kinachoorodhesha ndama 40 kinaiweza, na hapo mafunzo yako yanazaa kitu cha kushikika. Ndama awe mzima, uzito wake upimwe kwa utepe wa kifuani, na wafuatiliwe wiki tatu kwa sababu wachache huugua na kuhitaji buparvakwoni. Yapo mambo mawili ambayo wauzaji hawayasisitizi. Hailindi dhidi ya ndigana baridi, mkojo mwekundu wala maji moyo, hivyo kuogesha hakukomi. Na pale ng'ombe wanapochangia malisho na nyati, kama vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Mikumi, kinga yake huwa pungufu, kwa kuwa vimelea wa nyati hutofautiana na wa kwenye chanjo.

Mpangilio wa kazi sasa. Unaoufanya ni utaratibu wa mtaalamu kuzungumza na wengi kwa siku moja. Ninaokushauri ni shamba darasa. Mfumo huu ulianzia kwenye mpunga huko Indonesia mwaka 1989 chini ya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, na baadaye Kenya ikauingiza kwenye ng'ombe wa maziwa. Watu 20 hadi 30 hukutana kila wiki mbili, penye wanyama, wakipima, wakiandika na kuamua. Ubaya wake ni kwamba unakula muda. Kwa vijiji vinne na mafuta ya kuungaunga, anza na vikundi viwili, usizidishe, ukiviendesha msimu mzima wa mvua. Mkuu wako atataka idadi kubwa ya "waliofikiwa". Mpelekee hesabu ya ndama waliozaliwa na waliofikisha miezi sita katika vikundi hivyo, ukianza kuandika kabla ya somo la kwanza. Hiyo ni namba ambayo semina haijawahi kumpa.

Redio ya jamii na kundi la WhatsApp vitumie kwa taarifa: siku ya josho, siku ya chanjo, dawa iliyoisha muda. Havifundishi mkono kupapasa tezi. Mwenye duka la dawa za mifugo, kwa upande mwingine, ndiye mshauri anayeulizwa kila siku kuliko wewe, na bila kumpata yeye utapigana na maji. Mkubaliane auze bomba la sindano la kupimia na kila chupa ya dawa ya kuogesha, na asiuze amitrazi kwa mwenye punda bila kumuonya, maana kwa jamii ya farasi dawa hiyo ni hatari, inasimamisha utumbo. Mkumbushe na la majina: chupa tatu za rangi tofauti zaweza kuwa na kiini kilekile, yaani kemikali ileile inayoua kupe, na mfugaji anayedhani amebadilisha dawa hajabadilisha kitu.

Kila kikao cha kuogesha kiwe na glavu, mtu asimame upande upepo unakotoka, ng'ombe wanywe maji kabla ili wasilambe dawa, na mabaki ya bomba yasimwagwe mtoni. Pairethroidi huua samaki kwa kiasi kidogo sana. Mtu akilewa dawa aende hospitali na chupa yake mkononi.

Mtaalamu mkubwa uliyetaka kumwomba halmashauri ana nafasi yake, lakini siyo jukwaani. Mwite daktari wa mifugo wa wilaya ng'ombe wakubwa kadhaa wanapokufa ghafla, mimba zinapotoka kwa wengi, au kikohozi kinapoenea kwa ng'ombe wakubwa bila matezi kuvimba, kwa sababu huenda ni homa ya mapafu na hapo mifugo isihamishwe. Mzoga unaotoka damu isiyoganda puani au mkunduni usichunwe wala kupasuliwa kabla hajafika. Hofu hapo ni kimeta. Ndama akifa na huna hakika ni ndigana, toa utando mwembamba wa tezi na wa damu kwenye vioo, uukaushe na kuupeleka kituo cha kanda cha Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania.

Na kama kikundi kimepima dawa vizuri, kimelowesha masikio, mvua haikunyesha, chupa haijapita muda, na bado siku ya tatu majike waliovimba wako hai, hapo ndipo uzungumzie usugu, yaani kupe waliozoea dawa. Anza kumshuku kupe wa bluu, ambaye hukaa kwa mnyama mmoja maisha yake yote na huzoea dawa upesi kuliko wa masikio. Kusanya majike hai yaliyovimba, angalau kumi au zaidi, kwenye chupa yenye matundu na majani mabichi kidogo, andika jina la dawa, kiini chake na tarehe ya kuogesha, uyapeleke maabara hiyohiyo. Majibu huchukua wiki kadhaa kwa kuwa mayai lazima yaanguliwe ndipo lava wapimwe, kwa hiyo kikundi kihamie jamii nyingine ya dawa wakati mnasubiri.